Kiharusi kikija kabla ya miaka 60

Nina miaka 57, naendesha mtambo kiwandani Industrial Area. Nimepata kiharusi mwezi jana, mkono wa kulia bado mzito. Watoto wanataka nijiuzulu nipumzike. Niandike barua? – Baba, Umoja

Pole sana, mzee wangu. Barua hiyo usiiandike sasa. Ukijiuzulu, utahesabiwa kuwa umeondoka kwa hiari. Ukistaafu kwa sababu ya ugonjwa, tena kwa cheti cha daktari, mambo ni mengine: tangu sheria za kodi za Kenya zibadilishwe mwishoni mwa 2024, anayetoka mapema kwa ugonjwa halipi kodi kwa mafao ya mfuko wa pensheni uliosajiliwa. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo ina malipo ya ulemavu wa kudumu kwa ambaye hajafika miaka 60.

Halafu huo mkono. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo viungo hurudi kwa kasi zaidi, kwa hiyo mazoezi usiyakose hata nauli ikisumbua. Mwombe anayekufanyisha mazoezi aandike unachoweza: kushika, kuinua, kuandika. Karatasi hiyo ipeleke ofisini pamoja na ombi la kazi nyepesi, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Watoto wanakupenda, lakini uamuzi wa kuacha mshahara haufanywi mtu akiwa bado na hofu ya wodini.

Nafanya usafi ofisini, nina miaka 54. Moyo ulinilaza hospitali, sasa meneja anasema siku zangu za ugonjwa zimeisha, nibaki nyumbani kabisa. – Mama, Kariobangi

Mama, Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka. Ni chache mno kwa mgonjwa wa moyo, na inaniuma kila ninapoiandika. Lakini siku kuisha si kufutwa kazi. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, na akusikilize kabla ya kuamua. Usitie sahihi chochote ukiwa peke yako.

Mume wangu amestaafu kwa ajili ya figo. SHA, bima ya afya ya serikali, itaendelea? – Kayole

Makato ya asilimia 2.75 yalikoma na mshahara wake, dada. Kama wewe unakatwa kazini, hakikisha ameandikishwa chini yako kama mume. Kama hukatwi, ajisajili kama asiye na mshahara na alipe mchango wa mwaka, kabla ya kliniki ijayo.