Bomba lipo, maji hayapo

Utafiti wangu wa kwanza kuhusu maji niliufanya Kisauni, Mombasa, na nusura niuharibu kwa swali moja: "Chanzo chenu kikuu cha maji ni kipi?" Majibu ya kuchagua: bomba, kisima, mkokoteni, mengineyo. Bibi mmoja akanijibu "bomba". Nikatia alama, nikaanza kufunga daftari. Akacheka.

"Bomba tunalo, mwanangu. Maji hutujia mara moja kwa wiki, tena usiku wa manane."

Uani kwake kulijaa madumu ya lita 20, yote ya kununua kwa muuza maji wa mkokoteni. Kwenye jedwali langu nyumba ile ilikuwa imeshafaulu.

Basi nawe unayeandika kuhusu maendeleo endelevu, jua kwamba Lengo la 6 la Umoja wa Mataifa, lile la maji safi, hupimwa kwa ngazi. Kwa vipimo vya WHO (Shirika la Afya Duniani) na UNICEF (shirika la watoto la Umoja wa Mataifa), ukiteka kwenye chanzo kilichoboreshwa, yaani kilichojengwa kikakingwa na uchafu, na kwenda, foleni na kurudi visipite dakika 30, unahesabiwa una huduma ya msingi. Ngazi ya juu yataka maji yawe nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yawe safi. Chukua ngazi ya kwanza, mtaa unang'ara. Chukua ya pili, mtaa uleule unatia huruma. Na hakuna aliyedanganya.

Halafu kuna chumvi. Usafi katika vipimo hivyo hutazamwa kwa kinyesi na kemikali mbili, fluoridi na aseniki. Chumvi haimo! Mtu wa Mombasa anajua visima ambavyo maji yake ni ya kufulia na kuoshea tu, ukiyapikia chai utaimwaga. Kwenye takwimu, kisima hicho kikifunikwa vizuri ni chanzo kilichoboreshwa.

Kwa hiyo nilitupa hojaji yangu, nikaandika nyingine baada ya kukaa na watu wiki nzima. Nikatenganisha maji ya kunywa na ya kufulia. Nikauliza maji yalitoka lini mara ya mwisho, na dumu ni shilingi ngapi. Nikabadilisha na saa pia, maana asubuhi waliokuwa kwenye foleni ya maji hawakuwa nyumbani kunijibu. Nikawa narudi baada ya Magharibi. Ulichokiacha nje ya vipimo vyako nacho kiandike, hata kama msimamizi wako atanuna.

Niliporudi kwa yule bibi, alinitazama mikononi kwanza. "Leo umeleta maji, au karatasi tena?"