Maswali na Majibu: Nani Atamwagilia Mti wa Barabarani?

Tangu mvua zianze simu yangu haipumziki. Nilikuwa bwana miti katika mikoa hii ya Kusini, Lindi na Mtwara, mpaka nilipostaafu, na bado kila anayetaka kupanda au kukata mti hunitafuta. Safari hii nimechagua maswali ya miti ya mjini, ile ya kando ya barabara, kwa sababu ndiyo inayokufa kwa wingi huku tunaitazama.

SWALI: Shikamoo bwana miti. Mtaani kwetu kila kaya imeambiwa itoe shilingi elfu mbili za miche ya barabarani. Baadhi yetu tunasema heri pesa hiyo izibe mashimo. Faida ya mti inalingana na gharama yake? (Msomaji wa Chikongola, Mtwara)

JIBU: Marahaba. Hiyo elfu mbili mnayobishania ni sehemu ndogo kabisa ya gharama. Kinachokula pesa ni miaka mitatu inayofuata baada ya kupanda. Kiangazi chetu huanza Mei na kinaweza kufika Novemba. Chukua miezi sita tu, ndoo mbili za lita 20 kila wiki: wiki 26, ndoo 52, lita 1,040 kwa mti mmoja. Kwa miaka mitatu ni zaidi ya lita 3,000. Zidisha kwa idadi ya miti, kisha kwa bei ya ndoo hapo mtaani. Ongeza kizimba cha mianzi au fito, maana mbuzi wa mjini hawana mchungaji. Ongeza mtu wa kupogoa mti ukishakua, na wa kuzoa majani mtaroni kabla ya mvua.

Sasa upande wa faida. Oktoba iliyopita nilishinda jirani na mama mmoja anayeuza ming'oko, viazi vyetu vya porini, chini ya mti wa mkungu, tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Kivuli kilipohama, alihama nacho: kwanza beseni la ming'oko, kisha kigoda, mwisho mtoto aliyelala juu ya kanga. Alihama mara tatu, na kila alipohama, wateja na vijana wa bodaboda walimfuata. Ng'ambo ya barabara, upande usio na mti, kulikuwa na meza mbili za bidhaa zimefunikwa turubai. Wenyewe walikuwa wamevuka, wamekaa kivulini na sisi. Biashara ya upande mzima wa barabara ilikuwa imesimama kwa sababu ya jua, na hasara hiyo hakuna anayeiandika kwenye daftari lolote.

Vipimo vimeonyesha kuwa lami au ukuta ulio kivulini unaweza kuwa na joto la chini kwa nyuzi 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko ulio juani, jua likiwa kali kabisa. Lami isiyounguzwa kila siku huchelewa kukauka na kupasuka, kwa hiyo ninyi wa mashimo nanyi mna fungu lenu katika mti. Toeni elfu mbili. Lakini kabla ya kutoa, mwenyekiti wa mtaa awaeleze kwa maandishi nani atamwagilia, kwa maji ya nani, mpaka lini. Kama hana jibu, zibeni mashimo.

SWALI: Tukipanda miti barabarani mvua zitaongezeka? (Msomaji wa Newala)

JIBU: Swali hili nimelijibu mara nne na naomba iwe mwisho. Mistari miwili ya miti mtaani haileti mvua. Mvua zetu huja msimu wa kaskazi, Novemba au Desemba, zikaisha Aprili, hata kama mtaa wako ni mtupu. Kazi ya mti wa mjini ni kuipokea mvua ikishafika: majani yanaivunja nguvu, maji yanashuka taratibu kwenye shina, mengine yanazama penye mizizi badala ya kukimbilia sebuleni kwa jirani wa bondeni.

SWALI: Miti inaleta mbu? (Magomeni)

JIBU: Hapana. Mwaga maji yaliyotuama kwenye matairi na makopo.

SWALI: Nimepanda miashoki ishirini mbele ya nyumba, imependeza sana. Jirani anasema nimepoteza pesa. Nani yuko sahihi? (Shangani)

JIBU: Jirani yako. Mwashoki unapanda juu kama mlingoti na kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja mwenye baiskeli. Kama ulitaka pambo la uzio, umepata. Kama ulitaka mti wa barabarani, bado hujapanda. Nasikitika ninapoona taasisi zenye viwanja vikubwa zikijaza miashoki mlangoni huku wananchi wanaosubiri huduma wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta.

SWALI: Bomba la maji mbele ya nyumba yangu limepasuka na fundi anasema ni mizizi ya mwarobaini. Niukate? Na kwa nini mnatuhimiza kupanda miti inayoharibu miundombinu? (Ligula)

JIBU: Usikate bado. Mzizi hauna jicho la kuliona bomba zima lililo kavu. Unafuata unyevu. Bomba likivuja kwenye maungio, udongo wa pale hulowa kiangazi kizima, na vizizi vyembamba vikifika vinajipenyeza kwenye ufa uliokuwepo na kuutanua. Mwambie fundi achimbe, mtazame wote: je, maungio yalikazwa? Bomba lilizikwa kina cha kutosha au lilifunikwa kiganja kimoja cha mchanga? Sehemu kubwa ya mizizi ya mti hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo, na humo humo ndimo mafundi wetu wanamozika mabomba kwa kukwepa kuchimba.

Lakini sitawaficha, miti inayoharibu ipo. Mkrismasi una mizizi inayoinua vibaraza na matawi yanayokatika kirahisi. Mkungu unapukutisha majani mapana mekundu yanayoziba mitaro, na popo wanaupenda. Mwembe ukiwa kando ya barabara, watoto watarusha mawe na vioo vya magari vitavunjika. Hizo ni gharama halali na anayehimiza upandaji bila kuzitaja anawadanganya. Mikrismasi na miembe ikae mbali na bomba na lami, penye uwanja. Chini ya nyaya za umeme panda kifupi, mtopetope au mpera, la sivyo kila mwaka watakuja wakata matawi na kuuacha mti umepasuliwa katikati kama herufi V.

SWALI: Sisi ni watu wa korosho. Kwa nini tusipande mikorosho barabarani tupate kivuli na pesa? (Tandahimba)

JIBU: Mkorosho unatanda chini, matawi yanagusa ardhi. Ukiuacha utaziba njia, ukikata matawi ya chini ili upande juu utapunguza mavuno. Na salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, utaipuliza vipi mbele za watu wanaopita na watoto wanaokwenda shule? Mkorosho ubaki shambani.

SWALI: Mwaka 2024 wakati wa kimbunga Hidaya mti mkubwa ulilalia paa la jirani yetu. Tangu hapo mtaa mzima unataka kukata miti iliyobaki. Wewe unasemaje? (Mtanda, Lindi)

JIBU: Poleni. Hofu yenu naielewa. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi, sote tukakwama. Wazee wa Lindi wanakumbuka simulizi za kimbunga cha Aprili 1952 kilichopiga pwani hii hii. Vimbunga vitarudi.

Lakini nendeni mkaitazame mizizi ya huo mti ulioanguka kama kisiki bado kipo. Mara nyingi nikikagua mti wa mjini ulioanguka nakuta upande mmoja hauna mizizi mikubwa: ilikatwa zamani ulipochimbwa mtaro au msingi wa ukuta, jeraha likaoza, mti ukabaki umesimama kwa mguu mmoja. Nyingine ni miti ambayo haikupogolewa hata mara moja, kichwa kizito kimebeba upepo kama tanga. Mti uliooza shina au ulioanza kuinama na kuinua udongo upande mmoja, kateni leo, msinisubiri. Iliyobaki ipunguzwe matawi Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, na mtu anayejua kazi. Na safari nyingine mtaro ukichimbwa karibu na mti mkubwa, mtu wa mtaa asimame pale.

Mkiikata yote, mtaro uleule utapokea maji yote ya mvua kwa mkupuo mmoja. Mtanda ni mlimani, walio chini yenu watayapata.

SWALI: Nimesikia wenzetu Marekani wamehesabu faida ya miti kwa dola. Kwa nini sisi hatuna hesabu hiyo? (Mwanafunzi, Mtwara)

JIBU: Swali zuri. Jiji la New York lilihesabu miti yake ya barabarani mwaka 2005 na 2006, likapata 592,130. Ripoti ya mwaka 2007 ikasema kila dola 1 inayotumika kuitunza inarudisha faida ya dola 5.60. Usiichukue namba hiyo ukaileta Mtwara. Sehemu kubwa ya faida yao ilitoka kwenye thamani ya nyumba, maji ya mvua, na umeme na gesi za kupoza na kupasha joto nyumba. Hapa kwetu nyumba nyingi za bati hazina kiyoyozi, kwa hiyo mti hauokoi bili ya mtu. Unamwokoa mtu mwenyewe asichemke.

Cha kuiga kwao ni kitu kimoja: walianza kwa kuhesabu miti iliyo hai. Ninyi wanafunzi mnaweza kuifanya kazi hiyo kwa daftari na futi kamba. Anzeni na barabara moja.

SWALI: Kila mwaka tunapanda miti tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Ikifika Agosti imekufa yote. Tatizo ni udongo wetu wa mchanga? (Mwalimu, Mikindani)

JIBU: Mwalimu, udongo hauna kosa. Kosa ni kalenda. Aprili Mosi inawafaa wenye masika ya Machi hadi Mei. Kwetu Kusini mvua zinaaga Aprili. Mche unaopandwa siku hiyo unapata wiki tatu au nne za unyevu, kisha unakabidhiwa kwa upepo wa kusi na kiangazi cha nusu mwaka. Pandeni Desemba mwishoni au Januari, ardhi ikishalowa vizuri. Tarehe 1 Aprili fanyeni sherehe ya kuikagua, kupalilia na kuweka matandazo ya majani makavu. Nimelisema hili vikaoni kwa miaka mingi na nitaendelea kulisema.

Kuna na uzembe. Niliwahi kuitwa kukagua barabara moja ya mjini miezi mitano baada ya sherehe. Niling'oa mche mmoja uliokauka, haukuhitaji nguvu. Ulitoka na kiriba chake cheusi kizima, hakijachanwa hata upande mmoja. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya nailoni mara nne, mara tano, kama kamba iliyoviringwa, ikitafuta pa kutokea. Nikang'oa wa pili na wa tatu, vilevile. Kwenye taarifa ilikuwa imeandikwa kuwa miche yote imepandwa. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mji wa Mtwara ulichorwa na barabara pana kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Walikuja na matrekta na malengo ya ekari kabla ya kuuliza mvua na udongo. Barabara zao pana tumezirithi, nafasi ya miti tunayo kuliko miji mingi. Hesabu yao ya kupanda bila kuuliza tusiirithi. Ningekuwa na mamlaka, ningekataza taarifa ya miche iliyopandwa na kudai ya miti iliyo hai mwaka wa tatu.

SWALI: Nimepanda mti nje ya uzio wangu kando ya barabara kuu. Ukikatwa nitalipwa fidia? (Mingoyo)

JIBU: Usitegemee. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na ukipanda humo umepanda kwenye ardhi ya umma. Kabla ya kupanda andika barua kwa wakala wa barabara wa serikali: TANROADS kwa barabara kuu, TARURA kwa barabara za mitaa, nakala serikali ya mtaa. Barua hiyo itakusaidia siku barabara ikipanuliwa, walau uulizwe.

SWALI: Mwarobaini haufi kirahisi, tena ni dawa. Kwa nini tusipande huo tu mji mzima? (Chuno)

JIBU: Kwa sababu wewe ni mtu wa Kusini na unaujua ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Eneo zima likiwa na mti wa aina moja, ugonjwa ukiingia unatembea bila kikwazo. Mtaalamu Frank Santamour alipendekeza mwaka 1990 kwamba mjini spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote. Changanya: mwarobaini, mkwaju, mkangazi penye nafasi kubwa, mvinje karibu na bahari. Na mwarobaini haustahimili maji yaliyotuama, usiupande bondeni.

SWALI: Nipande upande gani wa nyumba?

JIBU: Magharibi kwanza, kisha mashariki. Huku kwetu jua la mchana linapita juu ya paa, linalochoma kuta ni la jioni na la asubuhi.

SWALI: Mche mzuri naujuaje nikienda bustanini? (Wengi mmeuliza)

JIBU: Kimo kati ya goti na kiuno, shina nene kuliko kalamu, majani hayana madoa. Msichague mrefu kuliko wote. Mara nyingi huo umekaa kitaluni kupita kiasi, mzizi mkuu umetoboa kiriba na kuingia ardhini, na muuzaji akiunyanyua unakatika. Ushike, uupindue, tazama chini ya kiriba kabla hujalipa.