Antivirusi inasema kompyuta ni safi, mbona matangazo hayaishi?

Swali

Fundi, habari za kazi. Kompyuta yetu ya nyumbani ni ya Windows 11 na tunatumia Chrome. Wiki ya tatu sasa kuna vijidirisha vinachomoza chini kulia, mara tuna virusi vitano, mara tumeshinda zawadi, hata nikiwa naandika barua tu na sijafungua tovuti yoyote. Nikitafuta kitu, napelekwa kwenye ukurasa wa utafutaji nisioujua. Mume wangu aliondoa programu mbili alizozishuku, tukapumua siku mbili, yakarudi yale yale. Antivirusi inasema hakuna tatizo. Tununue programu ya kusafisha, au tufute kila kitu tuanze upya? Na baada ya hapo tuyazuieje?

Jibu

Njema kabisa, dada. Msinunue chochote, na diski msiiguse kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, mna matatizo mawili yaliyoingia kwa milango tofauti. Mume wako alihangaika na mmoja, na huo nao hakuufunga mpaka mwisho.

Tuanze na vijidirisha. Kikichomoza kingine, usikimbilie kukifunga. Kitazame. Karibu na picha ya ngao nyekundu kuna maandishi madogo: jina la Chrome na anwani ya tovuti, mara nyingi herufi zilizorundikwa ovyo. Ukiiona anwani hiyo, ujue hapo hakuna kirusi. Ni arifa ya kivinjari, kama ile inayokuambia umepata barua pepe mpya. Siku moja mtu hapo nyumbani alikuwa anatafuta filamu au mchezo, ukurasa ukamwambia "bofya Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti", naye akabofya. Tangu siku hiyo tovuti ile ina kibali cha kuwatumia chochote. Chrome huweza kuendelea kufanya kazi chinichini hata ukishafunga madirisha yake, ndiyo maana yanakukuta ukiandika barua. Antivirusi nayo haisemi uongo: hakuna faili la kukamata, kuna ruhusa tu.

Na mimi yalinikuta. Mara ya kwanza kuletewa mashine ya namna hii nilimaliza nusu siku nikiipitishia programu tatu za kukagua virusi, moja baada ya nyingine, zote zikaniambia hakuna kitu. Macho yangu yaliganda kwenye ile ngao. Mstari wa anwani sikuusoma.

Kuziondoa hakuchukui hata dakika mbili. Kwenye sehemu ya anwani ya Chrome andika chrome://settings/content/notifications kisha bonyeza Enter. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Kila usiyoitambua, bofya vidoti vitatu vilivyo kando yake na uchague Zuia. Usiishie kuiondoa kwenye orodha, kwa sababu tovuti iliyoondolewa inaweza kuomba tena, iliyozuiwa haiwezi. Hapo hapo juu ya ukurasa chagua kwamba tovuti zisiombe kabisa kutuma arifa. Kama kuna anayetumia Edge, afanye vivyo hivyo kwa kuanza anwani na edge badala ya chrome.

Vile virusi vitano visikunyime usingizi. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuikagua diski yako. Hiyo idadi ameiandika mtengeneza tangazo, na kila kompyuta inaonyeshwa ile ile. Ukibofya, utapelekwa kwenye hiyo hiyo programu ya kusafisha uliyotaka kununua, au kwenye namba ya simu ya tapeli.

Sasa utafutaji. Hapa mshukiwa wangu wa kwanza ni kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya Chrome. Fungua chrome://extensions na uzime vyote, hata unavyovipenda. Tafuta kitu. Majibu yakija kawaida, washa kimoja kimoja ukijaribu kila mara, hadi mwenye kosa ajitokeze. Tazama hasa vile vinavyogeuza mafaili kuwa PDF, vya kuponi, na vya kupamba kichupo kipya. Fungua maelezo ya kila kimoja usome ruhusa zake: kiendelezi cha hali ya hewa kinachotaka kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote kina jambo lake. Wala usikiamini kwa sababu umekaa nacho miaka mitatu. Viendelezi huuzwa, mmiliki mpya akasukuma sasisho lenye matangazo, na wewe hujui kwamba umeshahamia mikononi mwa mtu mwingine.

Ukimpata mwenye kosa, mwondoe, kisha rudisha injini yako ya utafutaji kwenye mipangilio. Angalia pia kompyuta nyingine mnayotumia kwa akaunti ile ile ya Google. Usawazishaji hubeba viendelezi, kwa hiyo ulichofuta huku kinaweza kurejeshwa na mashine iliyoko kule.

Ikiwa kiendelezi kinakataa kuondolewa, au menyu ya Chrome inasema kivinjari kinasimamiwa na shirika lako ilhali hii ni kompyuta ya nyumbani, fungua chrome://policy uone ni amri gani zimewekwa. Programu za matangazo hujiwekea sera hizo ili zisitolewe. Ila usizikurupukie: baadhi ya antivirusi na programu za kuwalinda watoto nazo huweka sera kihalali.

Ile "siku mbili, yakarudi" ndiyo iliyonivutia zaidi kwenye barua yako. Programu ikiondolewa mara nyingi huacha kazi iliyopangwa ndani ya Windows, ambayo saa ikifika inaipakua upya. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika taskschd.msc, kisha ufungue folda kuu iliyo upande wa kushoto. Majina yasikuhadae, maana yeyote anaweza kuiita kazi yake sasisho la mfumo. Bofya kazi, nenda kwenye kichupo kinachoonyesha kitendo chake, usome inaendesha faili gani. Kazi inayofungua kivinjari ikiwa na anwani ya tovuti mwishoni, au inayoendesha faili lenye jina la ajabu ndani ya AppData (folda ambamo programu huweka data za kila mtumiaji), izime kwanza. Usiifute papo hapo. Mkikaa siku kadhaa bila tatizo, ndipo uifute. Programu hizi huipenda AppData kwa sababu mtumiaji anaweza kuandika humo bila nenosiri la msimamizi. Usisahau pia njia ya mkato ya Chrome kwenye eneo-kazi: bofya kulia, fungua sifa zake, tazama mstari wa faili linalolengwa. Unapaswa kuishia na chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta anwani ya tovuti imeshikizwa mbele yake, ifute.

Ukishamaliza kwa mkono, pitisha AdwCleaner ya Malwarebytes. Ni ya bure na haihitaji kusakinishwa, ila ipakue kwenye tovuti ya Malwarebytes wenyewe. Orodha inayokupa isome kabla ya kukubali kufuta. Halafu fungua Windows Security, sehemu ya udhibiti wa programu na kivinjari, uingie kwenye ulinzi unaotegemea sifa, uhakikishe kizuizi cha programu zisizotakiwa kimewashwa. Programu za matangazo huwekwa kwenye kundi lake, mbali na virusi, kwa kuwa nyingi huomba idhini kwenye yale masharti tusiyoyasoma, na ndiyo sababu ukaguzi wa kawaida unaweza kuzipita.

Kuhusu kuzuia, ugonjwa mkubwa ni mahali pa kupakulia. Matokeo ya kwanza ya utafutaji mara nyingi ni tangazo, na kurasa za kupakua hujaa vitufe bandia vikubwa kuliko kile cha kweli. Hata majina makubwa yamewahi kuteleza: mwaka 2015 SourceForge, tovuti ya kupakulia programu, ilifungasha kisakinishi cha GIMP, programu ya kuhariri picha, pamoja na matoleo ya matangazo bila ridhaa ya watengenezaji wake, ikaacha mtindo huo baada ya kupata mmiliki mpya mwaka 2016. Kwa hiyo nenda kwa mtengenezaji mwenyewe. Au tumia njia niipendayo mimi: fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika kwa mfano winget install VideoLAN.VLC, na VLC, programu ya kuchezea video, inakuja yenyewe bila ukurasa wowote wa kupakua. Ukilazimika kutumia kisakinishi, chagua njia ya hatua kwa hatua badala ya ile ya haraka, na uondoe kila tiki usiyoiweka wewe.

Watoto wape akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi. Itapunguza, haitamaliza, kwa sababu ya ile AppData niliyoitaja. Kizuia matangazo nacho kinasaidia, kwani kinaondoa vile vitufe bandia kabla havijabofywa: kwenye Chrome weka uBlock Origin Lite, kwenye Firefox bado unaweza kutumia uBlock Origin kamili.

Kufuta kila kitu ni kwa mashine ambayo hata baada ya haya yote inaendelea, au iliyowahi kuguswa na mtu wa "msaada" kutoka mbali. Kitu kimoja zaidi, na hiki kifanye leo: kama kiendelezi ulichokikamata kilikuwa na ruhusa ya kusoma tovuti zote, badilisha nenosiri la barua pepe na la benki ukitumia kifaa kingine.

Yakirudi tena, nitumie picha mbili: ya kijidirisha chenyewe pale anwani inaposomeka, na ya ile orodha ya kazi zilizopangwa.