Kwa Mliopangiwa Habari za Nyaraka za Epstein

Mtu anayeanza kazi kwenye dawati la habari za kimataifa siku hizi hakai sana kabla ya kukabidhiwa nyaraka za Jeffrey Epstein, yule tajiri wa Marekani aliyeshtakiwa kwa kuwadhulumu wasichana kingono. Msomaji wa Mwanza au Mombasa huwa ameshatumiwa klipu kadhaa kwenye simu kabla wewe hujawasha kompyuta, na swali lake ni moja: nani katajwa? Nimekuwa nikiziandika habari hizi tangu Epstein alipokamatwa Julai 2019. Nawaandikia, wadogo zangu, kwa sababu naona vijana wenye kalamu nzuri wakiyakimbilia majina, na kazi yenyewe iko kwenye karatasi: imetoka wapi, nani aliiandika, aliiandika kwa nini, na kuna mahakama yoyote iliyowahi kuipima?

Anzeni Florida kabla ya kwenda Washington. Mwaka 2005 polisi wa Palm Beach walifungua uchunguzi baada ya mzazi kulalamika kwamba binti wa miaka 14 alipelekwa nyumbani kwa Epstein na kulipwa pesa. Wakapatikana wasichana wengine wenye maelezo yanayofanana. Lakini ofisi ya mwendesha mashtaka wa shirikisho, wakati huo ikiongozwa na Alexander Acosta, iliingia na Epstein makubaliano ya kutomshtaki katika mahakama ya shirikisho. Mwaka 2008 akakiri makosa mepesi zaidi katika mahakama ya jimbo, akahukumiwa miezi 18, akakaa kama 13, na kwa muda mwingi wa kifungo hicho aliruhusiwa kutoka kwenda ofisini kwake na kurudi gerezani kulala. Wasichana waliotoa ushahidi hawakuambiwa kwamba makubaliano hayo yapo. Februari 2019 jaji wa shirikisho huko Florida aliamua kwamba kuwaficha habari hiyo kulivunja sheria inayolinda haki za waathirika wa uhalifu.

Shaka ya Wamarekani kwamba kuna kinachofichwa ilianzia hapo, kwenye makubaliano yaliyosainiwa na kufichwa. Bila kujua hilo utadhani mabishano yote ya 2025 ni porojo za mitandaoni. Aliyeufufua mjadala ni mwandishi mwenzetu, Julie K. Brown wa Miami Herald, ambaye kufikia Novemba 2018 alikuwa ametambua wanawake wapatao 80 waliodai kudhulumiwa na Epstein, na baadhi yao wakakubali kuzungumza. Aliwatafuta mmoja mmoja, wengi wao wakiwa wameshakata tamaa kwamba kuna atakayewasikiliza. Naomba kila mmoja wenu ajue kwamba bila kazi ya gazeti lile la mkoani, huenda hata kukamatwa kwa Julai 2019 kusingetokea. Epstein alifia mahabusu New York tarehe 10 Agosti mwaka huohuo, na daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo akaandika kwamba alijiua. Ghislaine Maxwell, mwandani wake aliyemsaidia kuwapata wasichana, alitiwa hatiani Desemba 2021 na kufungwa miaka 20 mwaka uliofuata.

Tukija kwenye siasa, jihadharini na hadithi ya chama kimoja kuficha na kingine kufichua. Katika kampeni za 2024 Donald Trump alisema hana tatizo na nyaraka kutolewa. Februari 2025 Mwanasheria Mkuu wake, Pam Bondi, alipoulizwa kwenye televisheni kuhusu orodha ya wateja wa Epstein, alijibu kwamba iko mezani kwake anaipitia. Baadaye alisema alimaanisha jalada la kesi kwa jumla. Siku chache baada ya jibu lile, watu mashuhuri wa mitandaoni walipewa majalada Ikulu, na ndani yake mengi yalikuwa yameshajulikana. Julai ikaja taarifa ya Wizara ya Sheria na FBI: orodha ya wateja haipo, ushahidi wa kuaminika kwamba Epstein aliwatisha watu mashuhuri kwa siri zao haukupatikana, alijiua, na hakuna kingine kitakachotolewa. Taarifa hiyohiyo ilisema waathirika ni zaidi ya 1,000 na data iliyokusanywa inazidi gigabaiti 300. Waliokasirika kuliko wote walikuwa wafuasi wa Trump mwenyewe. Yeye akaanza kuuita mjadala huo uzushi wa Wademokrati. Wademokrati nao, waliokuwa na Wizara ya Sheria mikononi kwa miaka 4 chini ya Biden, waligundua ghafla kwamba uwazi hauwezi kusubiri. Kesi ya Maxwell na rufaa yake zilikuwa zikiendelea wakati wao, hiyo ni sababu ya kweli kisheria, lakini msomaji ana haki ya kuambiwa yote mawili.

Jinsi sheria ya kulazimisha nyaraka hizi zitolewe ilivyopita ni somo zima, na hapa nawaomba msiruke hatua. Thomas Massie, Mrepublican wa Kentucky, na Ro Khanna, Mdemokrati wa California, walitumia njia ya saini: zikifika 218 katika Baraza la Wawakilishi, mswada unaletwa ukumbini hata kama Spika hataki. Spika Mike Johnson hakutaka, na Julai aliwapeleka wabunge likizo mapema mjadala ukiwa umepamba moto. Warepublican wanne tu ndio waliosaini: Massie, Marjorie Taylor Greene, Lauren Boebert na Nancy Mace. Saini ya 218 ilikuwa ya Adelita Grijalva wa Arizona, aliyeshinda uchaguzi mdogo tarehe 23 Septemba 2025 lakini akaapishwa tarehe 12 Novemba. Alisaini siku hiyohiyo. Tarehe 16 Trump akageuka na kuwaambia Warepublican wapige kura ya ndiyo. Tarehe 18 mswada ukapita kwa kura 427 dhidi ya 1, ya Clay Higgins wa Louisiana. Seneti haikuupinga, na tarehe 19 Trump akausaini.

Ukiandika tu kwamba wabunge waliungana kwa kura 427, umemnyima msomaji habari yenyewe. Nguvu ilikuwa kwenye zile saini 218 zilizokusanywa kwa miezi, pamoja na wanawake waliosimama nje ya Bunge tarehe 3 Septemba wakazungumza kwa sura zao. Na mkumbushe pia kwamba rais angeweza kuiagiza wizara yake itoe sehemu kubwa ya nyaraka hizo siku yoyote, bila sheria mpya.

Isomeni sheria yenyewe, ni fupi. Inaitaka Wizara ya Sheria itoe nyaraka ndani ya siku 30, kwa namna inayotafutika na kupakuliwa. Inaruhusu kuziba taarifa za waathirika, picha za unyanyasaji wa watoto na yale yanayoweza kuharibu uchunguzi unaoendelea. Inakataza kuzuia karatasi kwa sababu ya aibu, kuchafuka kwa jina au unyeti wa kisiasa. Kwa hiyo mkikuta ukurasa mzima umepakwa weusi, swali la kumpelekea msemaji wa wizara liko tayari: ni kwa kifungu gani? Tarehe 19 Desemba ilitoka sehemu tu, nyingi ikiwa imezibwa. Tarehe 30 Januari 2026 zikatoka kurasa zaidi ya milioni 3.

Sasa karatasi zenyewe. Chukueni daftari la safari za ndege lililotumika kama kielelezo kwenye kesi ya Maxwell. Ni mistari ya mkono wa rubani: tarehe, aina ya ndege, namba ya usajili, uwanja wa kuondokea, uwanja wa kutua, kisha abiria. Mara nyingi hakuna jina kamili, kuna JE (Jeffrey Epstein), kuna GM (Ghislaine Maxwell), na kwenye baadhi ya mistari rubani ameandika tu kwamba kulikuwa na mwanamke mmoja. Daftari lile linathibitisha kwamba fulani alipanda ndege siku fulani, na halisemi chochote kuhusu alichofanya alikoshuka. Mimi huwa narudia kusoma ile mistari ya mwanamke asiye na jina. Wakubwa wameandikwa hata kwa herufi, yeye amehesabiwa tu. Dunia nzima inatafuta akina nani walikuwa kwenye viti vya mbele, na kesi yote ilihusu huyo.

Karatasi ya pili ya kuichunguza kwa karibu ilitoka Desemba 2025: barua iliyodaiwa kuandikwa na Epstein gerezani kwenda kwa Larry Nassar, yule daktari wa wanamichezo aliyefungwa kwa kuwadhulumu wasichana. Ilienea duniani kwa saa chache, kwa sababu ilikuwa imetolewa na wizara yenyewe. Lakini bahasha ilikuwa na muhuri wa posta wa kaskazini mwa Virginia, na Epstein alikuwa mahabusu New York. Muhuri uligongwa siku 3 baada ya kifo chake. Anwani ya mtumaji haikutaja gereza alimokuwa wala namba yake ya mfungwa. Wizara ikatangaza kwamba ni ya kughushi. Yote hayo yangeonekana na mtu yeyote aliyetazama bahasha kabla ya kusoma maneno. Kuwa ndani ya jalada la serikali hakuifanyi karatasi kuwa ya kweli. Mle mna maelezo ya mashahidi yaliyoandikwa na maofisa wa FBI, barua pepe, picha, vipande vya magazeti, na madai ya wapiga simu ambayo hayakuwahi kuthibitishwa na mtu. Kila aina iandikwe kwa jina lake.

Vilevile msichanganye mafungu. Kurasa za Januari 2024 zilitoka kwenye kesi ya madai ya Virginia Giuffre, mmoja wa wanawake waliomtuhumu Epstein, dhidi ya Maxwell, kwa amri ya Jaji Loretta Preska. Kurasa zaidi ya 33,000 za Septemba 2025 na barua pepe za Novemba zilitolewa na Kamati ya Usimamizi ya Bunge. Za kwanza kutoka wizarani, za pili kutoka kwa wasimamizi wa mirathi ya Epstein. Za Desemba na Januari ni za sheria mpya.

Kuhusu watu waliotajwa, kichwa cha habari kiseme kile ambacho karatasi inaonyesha: alipanda ndege, aliandika barua pepe, alikula chakula, alilalamikiwa na shahidi. Waliowahi kushtakiwa kwa jinai ya usafirishaji wa wasichana katika sakata hili huko Marekani ni wawili, Epstein na Maxwell. Trump na Bill Clinton wote walifahamiana naye, wote wanakana kutenda kosa, na hakuna aliyeshtakiwa. Hilo liingie kwenye aya za juu, lisisubiri mwisho. Hata hivyo msiandike kana kwamba hakuna kilichotokea. Peter Mandelson alipoteza ubalozi wa Uingereza mjini Washington Septemba 2025, na mwezi uliofuata Mfalme Charles akamvua mdogo wake Andrew cheo cha mwanamfalme.

Linaloniuma zaidi ni majina ya waathirika. Toleo la Desemba lilikuwa na karatasi ambazo weusi wake uliondoka kwa kunakili maandishi na kuyabandika kwingine. Toleo la Januari liliacha wazi majina na taarifa za wanawake ambao hawakuwahi kujitokeza, na baada ya mawakili wao kulalamika wizara iliondoa maelfu ya nyaraka mtandaoni. Nakala zilikuwa zimeshapakuliwa. Ukikutana na jina la namna hiyo, lisitoke kwenye skrini yako, hata kwenye kundi la wenzako kazini, hata kwa kuuliza tu. Anayeandikwa kwa jina ni yule aliyechagua mwenyewe kusimama hadharani. Msitoe pia umri, mji na shule kwa pamoja, maana watu wa kwao watamjua.

La mwisho ni la zamu. Washington iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi yao na saa 7 wakati wa kiangazi, na matoleo yote mawili makubwa yalitoka Ijumaa, kwetu kukiwa kumeshaingia giza na wahariri wengi wako njiani kwenda nyumbani. Pangeni wawili, mmoja asome na mwingine aandike. Nyaraka za wizara zina namba zinazoanza na herufi EFTA (kifupi cha jina la ile sheria kwa Kiingereza) chini ya ukurasa. Namba hiyo iwekwe kwenye rasimu, pembeni ya kila sentensi iliyotoka humo, ili mhariri wa usiku aifungue karatasi mwenyewe kabla hajabonyeza kuchapisha.