Kiraka cha damu kimegoma mara mbili: je, akubali kupasuliwa mgongo?

Dada, umeuliza kama shemeji, anayevuja maji ya mgongo, akubali kupasuliwa baada ya viraka viwili vya damu vya kuziba tundu kugoma, na kama kweli watu hutoka pale wamepooza. Mimi nimepasuliwa. Ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na leo nimeshakata suruali mbili kabla ya kukujibu.

Yangu yalianza kama yake. Nikisimama kichwa kinavuta kwa nyuma na masikio yanavuma. Nikilala, dakika chache tu, shwari. Nikamezeshwa dawa za malaria, nikaambiwa presha, shangazi akasema kuna mkono wa mtu. Miezi mitano nikikata vitambaa asubuhi, mchana nimejilaza mkekani chini ya meza. Hakuna aliyeniuliza: ukilala inakuwaje?

Ubongo unaelea kwenye maji. Mtu mzima anayo kama mililita 150, na mwili hutengeneza karibu nusu lita kwa siku. Utando unaoyashika mgongoni ukichanika, yanavuja na ubongo unakosa pa kuelea. Aliyevuja kwa sindano ya ganzi ya mgongoni mara nyingi hupona kwa kupumzika, au kwa kiraka: anachotwa damu yake mkononi, inachomwa nje ya utando, inaganda pale. Mimi sikuwahi kuchomwa sindano ya mgongo. Kifupa kilichoota kwenye diski, ile pedi iliyo kati ya pingili, ndicho kilichochana utando kwa mbele. Sasa utatia kiraka gani kikae, na mwiba uko palepale?

Kwa hiyo swali la kwanza kwa daktari: tundu liko pingili ya ngapi? Kama halijajulikana, msikimbilie kisu. MRI yangu ilionyesha maji yaliyovuja yametanda mgongoni, si mahali yanapotokea. Ikabidi nichomwe dawa ya rangi kwenye maji ya mgongo, nilazwe kifudifudi, wapige CT skani upesi kabla dawa haijasambaa. Wengine hata tundu hawana, maji yanaingia moja kwa moja kwenye mshipa wa damu. Aina hiyo ilielezwa mwaka 2014 tu, na hao hufungwa huo mshipa.

Upasuaji wenyewe nililala fofofo. Walitoa kipande cha mfupa nyuma, wakapita ubavuni mwa uti wa mishipa ya fahamu, wakaondoa kifupa, wakashona kwa hadubini. Nilimuuliza daktari katumia mshono gani, akacheka. Hatari ya miguu ipo, asikudanganye mtu, maana uti wenyewe uko hapohapo. Muulizeni ameshafanya wangapi.

Ambalo sikuambiwa: wiki ya kwanza kichwa kiligeuka, nikilala kinazidi, nikikaa nafuu. Nililia, nikajua wameniharibu. Kumbe tundu limezibwa na presha ya maji imepanda. Nikapewa asetazolamaidi, dawa ya kupunguza maji hayo, vidole vikachomachoma na soda ikawa haina ladha. Ikapita. Miezi mitatu sikuinama wala kubeba ndoo, cherehani akashika mwanangu.

Akishapasuliwa, mkiona maji yanatoka kwenye kidonda, homa na shingo kukakamaa, miguu kulegea au mkojo kugoma, mrudisheni saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Na siku ya kutoka hospitali Dar msimpandishe basi. Mimi nilikodi gari ndogo nikalala kiti cha nyuma, na bado matuta ya Chalinze hadi Segera niliyahesabu yote.