Je, Mzaha Unafuta Haki ya Mwenye Picha?

SWALI: Mhariri, nilichukua picha iliyopigwa na mtu nisiyemfahamu, nikaikata, nikaongeza maneno ya kuchekesha na kuisambaza katika mtandao wa kijamii. Baada ya siku chache nikaarifiwa kuwa imeondolewa kutokana na malalamiko ya hakimiliki. Niliandika wazi kwamba picha si yangu, na sikupata hata senti moja. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Kukiri kwamba picha si yako ni uungwana, lakini si ruhusa. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, mpiga picha analindwa bila kusajili chochote, na ni yeye mwenye kuruhusu kazi yake inakiliwe au igeuzwe. Kwa hiyo swali si kama uliigusa haki yake, maana uliigusa, bali ni kama sheria inakupa kinga.

Kinga hiyo hutofautiana. Nchini Marekani, mahakama hupima mambo manne, yakiwamo lengo la matumizi na athari yake kwa soko la kazi ya asili, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1994 zimetilia mkazo mkubwa suala la mzaha unamlenga nani. Chukua picha ya kiongozi aliyejipanga kwa fahari mbele ya kamera: ukiigeuza ili kuibeza fahari hiyo hiyo, una hoja nzito. Ukichukua picha ya paka anayesinzia ili kulalamikia uchovu wa Jumatatu, picha imekuwa chombo tu, na hoja yako inapungua nguvu. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika uamuzi wa mwaka 2014, haikudai kwamba mzaha uilenge kazi yenyewe; ilitaka kazi mpya iikumbushe ile ya asili, itofautiane nayo waziwazi na ioneshe ucheshi au dhihaka, huku masilahi ya mwenye haki yakizingatiwa. Kwa maoni yangu, msimamo huu unaelewa vizuri zaidi jinsi watu wanavyotaniana mtandaoni.

Kutopata fedha kunakusaidia, ingawa peke yake hakutoshi. Picha ya mtoto mchanga aliyekunja ngumi yenye mchanga, iliyopigwa na mama yake mwaka 2007, ilisambazwa na mamilioni ya watu kama kichekesho. Lakini kamati ya kampeni ya mbunge mmoja wa Marekani ilipoitumia kuomba michango, mama huyo alishtaki, na mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama likaamua kamati imlipe dola 750. Kiasi ni kidogo, lakini uamuzi wenyewe unaonesha kwamba picha kuzagaa kila mahali hakumnyang'anyi mwenyewe haki yake.

Ikiwa mtandao unaoutumia unafuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki mtandaoni (DMCA), unaweza kuwasilisha pingamizi, na picha itarejeshwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi iwapo mlalamikaji hatafungua kesi. Pingamizi hilo ni tamko la kiapo linalobeba jina na anwani yako, kwa hiyo liwasilishe tu ikiwa unaweza kueleza kwa sentensi moja mzaha wako unasema nini kuhusu picha ile. Kama huwezi, mwandikie mpiga picha umwombe ruhusa.