Picha ya kanisa iliyogandia kioo

SWALI: Mhariri, tuna picha ya zamani ya Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja. Nyuma imeandikwa "1870, Askofu Steere". Mwaka huo ni sahihi? Na imegandia kioo cha fremu, niitoeje?

JIBU: Mwaka huo haukubali. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, palipokuwa soko la watumwa, na Steere alipewa uaskofu 1874. Alifariki 1882, kwa hiyo kama ni yeye kweli aliyesimama pichani, picha ni ya kati ya miaka hiyo. Lakini maandishi ya nyuma mara nyingi ni ya wajukuu, usiyaamini upesi. Kama saa ya mnarani inaonekana, ikuze: tarakimu zikisomeka kinyume, picha ilisafishwa kwa negativu (taswira ya asili ya kuchapia picha) iliyogeuzwa, na kushoto ndiyo kulia.

Kuhusu kioo, usiivute! Unyevu umelainisha tabaka la juu lenye taswira, nalo likaganda kwenye kioo. Ukivuta, sura za watu zinabaki kiooni. Maji, mvuke na kisu pia hapana. Iache ilivyo, uipige picha juu ya kioo: dirishani penye kivuli, bila flashi, nyuma ya kamera pawe na kitambaa cheusi kuzuia mng'ao. Ukiitia skana, chagua dpi 600 (nukta kwa kila inchi). Picha nyingine ziwekeeni paspatuu, yaani ukingo wa karatasi ngumu kuzunguka picha, zisiguse kioo, na msizitundike ukuta wenye fukuto.